Kutoka Mpiga Swichi hadi Mtaalamu: Historia ya Mafunzo ya Wateknolojia wa Tiba ya Mionzi, 1895–2014

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mafunzo ya wateknolojia wa tiba ya mionzi yalivyoanza, yalivyobadilika na yalivyotambuliwa kuwa mafunzo ya taaluma inayojitegemea. Uchunguzi unaanzia mwaka 1895, mionzi ya eksirei ilipogunduliwa, na kuishia mwaka 2014, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) lilipotoa kitabu cha mwongozo wa kuwafundisha wataalamu hao. Hoja kuu ni kwamba mabadiliko makubwa ya mafunzo haya hayakuletwa na mashine mpya peke yake. Kwa kiasi kikubwa yaliletwa na madhara: kwanza madhara yaliyowapata watumishi wenyewe, kisha yale yaliyowapata wagonjwa. Aidha, makala yanaonesha kwamba katika kila kipindi swali la msingi lilikuwa moja: je, anayewasha mashine anapaswa kufundishwa kutii maelekezo tu, au anapaswa pia kufundishwa kuyahoji? Sehemu ya mwisho inalitazama swali hilo katika muktadha wa Afrika Mashariki, hususani Tanzania, ambako suala la lugha ya mafunzo na lugha ya mgonjwa linalipa uzito wa pekee.

1.0 Utangulizi

Tiba ya mionzi ni miongoni mwa nguzo tatu za matibabu ya saratani, pamoja na upasuaji na dawa. Katika chumba cha tiba hiyo hukutana kazi za watu kadhaa. Daktari bingwa huamua kwamba mgonjwa atibiwe kwa mionzi, sehemu gani ilengwe na kwa dozi ipi. Mwanafizikia tiba hupima mashine na kuthibitisha mahesabu. Hata hivyo, anayemlaza mgonjwa kitandani, anayelinganisha alama za ngozini na mwanga wa mashine, anayefunga mlango na kuwasha mionzi ni mteknolojia wa tiba ya mionzi. Kwa kuwa matibabu mengi hutolewa kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa, mteknolojia ndiye anayemwona mgonjwa mara nyingi kuliko mtaalamu mwingine yeyote. Yeye pia ndiye wa mwisho mwenye nafasi ya kuzuia kosa kabla halijafika mwilini.

Licha ya nafasi hiyo, historia ya tiba ya mionzi imeandikwa zaidi kama historia ya wavumbuzi na mashine zao. Majina ya Wilhelm Röntgen, Marie Curie na Henri Becquerel yanafahamika shuleni. Walioitenda kazi yenyewe siku kwa siku hutajwa kwa nadra, na namna walivyofundishwa hutajwa kwa nadra zaidi. Makala haya yanakusudia kuziba sehemu ya pengo hilo. Mifano mingi imechukuliwa kutoka Uingereza, Marekani na Ufaransa kwa sababu mbili. Kwanza, huko ndiko vyama na mitihani ya mwanzo ya kazi hii ilikoanzia. Pili, mifumo ya huko, hasa ule wa Uingereza, iliathiri namna kazi hii ilivyopangwa katika nchi nyingi zilizokuwa makoloni.

2.0 Kipindi cha Kujifunza kwa Kuungua, 1895–1920

Röntgen aligundua mionzi ya eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi Novemba 1895. Habari hizo zilienea kwa kasi, na katika mwaka uliofuata tayari mionzi hiyo ilikuwa ikijaribiwa kama tiba. Mjini Vienna, Leopold Freund aliitumia mwaka 1896 kumtibu mtoto aliyekuwa na baka kubwa lenye nywele mgongoni. Mjini Chicago, Emil Grubbé alidai baadaye kwamba alikuwa amemtibu mgonjwa wa saratani ya titi mapema mwaka huohuo, dai ambalo wanahistoria wameendelea kulijadili. Mwaka 1898 Marie na Pierre Curie walitangaza kuwapo kwa radiamu, na tiba ikapata chanzo cha pili cha mionzi.

Katika kipindi hiki hapakuwa na mafunzo wala mwanafunzi kwa maana ya darasani. Waliofanya kazi hii walitoka pande nyingi: mafundi umeme, wapiga picha, wauguzi, wakemia na madaktari wenye udadisi. Sifa kubwa iliyohitajika ilikuwa uwezo wa kuutuliza mtambo wenye umeme mkali na bomba la kioo lililobadilika tabia kila lilipotumika. Kabla ya kumhudumia mgonjwa, fundi alilijaribu bomba kwa kuuweka mkono wake mwenyewe mbele ya mionzi na kuitazama mifupa yake kwenye kioo chenye kung’aa. Mkono ulikuwa kifaa cha kupimia.

Matokeo ya desturi hiyo hayakuchelewa. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison nchini Marekani, alipata vidonda visivyopona, akakatwa mikono, na akafa mwaka 1904. Grubbé mwenyewe alifanyiwa upasuaji mara nyingi kutokana na madhara ya mionzi. Mwaka 1936 mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa katika hospitali ya Mtakatifu Georg mjini Hamburg, ukiwa na majina ya waliokufa kutokana na kazi ya eksirei na radiamu katika nchi mbalimbali.

Ni muhimu kubaini kile ambacho vifo hivyo viliwafundisha wenzao. Kwa upande mmoja, vilithibitisha kwamba mionzi hii haiwezi kushikwa na mtu yeyote aliyezoea umeme tu. Kwa upande mwingine, vilionesha kwamba mazoea pekee si mafunzo. Wengi wa waliofariki ndio waliokuwa na uzoefu mrefu zaidi. Mionzi haionekani, haina harufu, na madhara yake hujitokeza baada ya siku, miezi au miaka. Kwa hiyo mtu hawezi kujifunza kutokana na kosa lake kwa wakati, kama anavyoweza fundi seremala au mpishi. Hali hii ndiyo iliyolazimisha elimu ya nadharia iingie katika kazi iliyoanza kama ufundi wa mikono.

3.0 Vyama, Mitihani na Mipaka ya Kazi, 1920–1950

Mwaka 1920 ulikuwa wa kipekee katika pande mbili za Atlantiki. Nchini Uingereza kiliundwa Chama cha Wanaradiografia, na nchini Marekani Ed Jerman aliongoza uanzishaji wa chama cha mafundi wa radiolojia ambacho baadaye kilikuja kuwa Jumuiya ya Wateknolojia wa Radiolojia ya Marekani. Miaka miwili baadaye ilianzishwa sajili ya Marekani ya kuwatahini na kuwaorodhesha mafundi hao. Kwa mara ya kwanza palikuwa na mtihani, cheti na orodha ya majina. Mtu aliyekuwa nje ya orodha aliweza kuulizwa kwa nini anafanya kazi hiyo.

Usalama wa watumishi ulikuwa ajenda ya mwanzo. Mwaka 1921 kamati ya Uingereza ya kujikinga na eksirei na radiamu ilitoa mapendekezo yaliyohusu si kuta za risasi pekee, bali pia maisha ya mfanyakazi. Ilipendekeza asifanye kazi zaidi ya saa 7 kwa siku, apumzike Jumapili na nusu siku mbili nyingine kila wiki, muda huo autumie nje kwenye hewa safi kadiri iwezekanavyo, na apewe likizo ya mwezi mmoja kwa mwaka. Mapendekezo hayo yanaonesha kiwango cha ujuzi wa wakati ule: kwa kuwa dozi aliyoipata mtumishi haikuweza kupimwa vizuri, walipunguza saa za kazi na kutumaini hewa safi. Hata hivyo, yalikuwa na maana kubwa kimafunzo. Kuanzia hapo kujikinga kulihesabiwa kuwa sehemu ya ujuzi wa kazi, si dalili ya woga.

Jambo la pili lililoamuliwa katika miaka hiyo lilikuwa mipaka ya mamlaka. Katikati ya miaka ya 1920 madaktari wa radiolojia wa Uingereza walishinikiza kwamba wasio madaktari wasitafsiri picha wala kupokea wagonjwa kwa hiari yao. Chama cha Wanaradiografia kilikubali: mwanachama angefanya kazi chini ya maelekezo ya daktari. Makubaliano hayo yaliipa kazi hii utambuzi rasmi, lakini kwa gharama yake. Mafunzo yalijengwa juu ya utii. Mwanafunzi alifundishwa namna ya kutekeleza agizo kwa usahihi. Hakufundishwa namna ya kulitilia shaka. Sehemu zinazofuata zinaonesha kwamba deni la uamuzi huo lililipwa miongo kadhaa baadaye.

Maendeleo ya tatu yalikuwa ya kipimo. Hadi miaka ya 1920, dozi mara nyingi ilikadiriwa kwa kutazama wekundu wa ngozi ya mgonjwa. Mwaka 1928, katika mkutano wa kimataifa wa radiolojia uliofanyika Stockholm, kizio cha röntgen kilikubaliwa. Mjini Paris, Claudius Regaud na Henri Coutard walikuwa wamekwisha kuonesha faida ya kuigawa dozi katika vipande vidogo vinavyotolewa kwa siku nyingi, ili chembe za kawaida zipate nafasi ya kupona. Mjini Manchester, Ralston Paterson na Herbert Parker walichapisha mwaka 1934 kanuni na majedwali ya kupanga sindano za radiamu ili dozi iwe sawa katika eneo lote linalotibiwa.

Mabadiliko haya matatu, yaani kizio, mgawanyo wa dozi na majedwali, ndiyo yaliyoifanya tiba ya mionzi iweze kufundishwa. Kitu kinachopimika kinaweza kuandikwa. Kinachoandikwa kinaweza kutahiniwa. Zaidi ya hayo, mgawanyo wa dozi ulizaa hitaji jipya. Ikiwa mgonjwa atarudi mara 25 au 30, ni lazima alazwe vilevile kila mara. Kurudia kwa usahihi uleule kukawa ujuzi wa pekee, na ujuzi huo ulikuwa wa mteknolojia, si wa daktari. Ni katika msingi huu ambapo tiba ilianza kutengana na upigaji picha kama kazi yenye mahitaji yake.

4.0 Kobalti, LINAC na Kutengana kwa Njia, 1951–1980

Mwezi Oktoba 1951 mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa mashine ya kobalti mjini London, katika jimbo la Ontario, Kanada. Wiki chache baadaye mashine nyingine iliyobuniwa na kikundi cha Harold Johns ilianza kutumika Saskatoon. Mwaka 1953 hospitali ya Hammersmith, Uingereza, ilianza kuwatibu wagonjwa kwa mashine inayoziongeza kasi elektroni katika mstari mnyoofu, ambayo hospitalini huitwa LINAC. Mwaka 1956 Henry Kaplan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walianza kutumia mashine ya aina hiyo nchini Marekani.

Mashine hizi zilibadilisha kazi kwa namna tatu. Kwanza, mionzi yake ilipenya ndani zaidi na kuiacha ngozi bila kuungua sana. Hii ilikuwa nafuu kwa mgonjwa, lakini iliondoa onyo la zamani: wekundu wa ngozi haukuweza tena kutegemewa kuonesha kwamba dozi imezidi. Pili, nguvu ya mionzi ilimlazimu mteknolojia atoke chumbani na kumwangalia mgonjwa kupitia dirisha nene au, baadaye, runinga. Umbali uliingia kati ya mkono na mgonjwa. Tatu, kobalti yenyewe hupungua nguvu kwa takribani asilimia 1 kila mwezi, kwa kuwa nusu-uhai wake ni miaka 5.27. Muda wa tiba uliokuwa sahihi Januari haukuwa sahihi Juni. Mteknolojia asiyeielewa sababu ya badiliko hilo angeweza kutumia jedwali la zamani kwa uaminifu kamili, na akawa anakosea kila siku.

Mifumo ya mafunzo iliitikia. Nchini Uingereza, Sheria ya Taaluma Saidizi za Tiba ya mwaka 1960 iliwajumuisha wanaradiografia katika usajili wa kiserikali, na mitihani ya tiba ilikuwa na njia yake mbali na ile ya upigaji picha. Nchini Marekani, sajili ya kitaifa ilianzisha mtihani wa pekee wa tiba ya mionzi mwaka 1964. Ufaransa ilishika njia nyingine: ilidumisha mafunzo ya pamoja, ambapo mtaalamu mmoja huandaliwa kwa ajili ya picha na tiba kwa miaka mitatu. Kila njia ina mantiki yake. Mafunzo ya pamoja humpa mwajiri mtumishi anayeweza kuhamishwa. Mafunzo yaliyotengana humpa mwanafunzi muda wa kutosha wa kuzama katika biolojia ya mionzi, upangaji wa tiba na huduma ya mgonjwa wa saratani. Mjadala huo haujafungwa hadi leo, na unazihusu pia nchi zenye watumishi wachache.

5.0 Ajali Zilizoandika Upya Mtaala, 1985–2005

Ikiwa kipindi cha kwanza kiliwaunguza watumishi, kipindi hiki kiliwaunguza wagonjwa. Matukio matatu yanatosha kuonesha athari zake katika mafunzo.

Tukio la kwanza ni la mashine ya Therac-25, iliyotengenezwa na shirika la nishati ya atomiki la Kanada. Kati ya mwaka 1985 na 1987 wagonjwa sita katika hospitali za Marekani na Kanada walipata dozi kubwa kupita kiasi, na baadhi yao walifariki. Mashine za awali zilikuwa na vizuizi vya vyuma na umeme. Hii iliitegemea programu ya kompyuta. Wateknolojia walizoea kuona ujumbe wa hitilafu mara kwa mara, na walizoea pia kubonyeza kitufe cha kuendelea, kwa kuwa kwa kawaida hakuna baya lililotokea. Mjini Tyler, Texas, mwezi Machi 1986, mteknolojia alisahihisha herufi moja kwa haraka kwenye kompyuta. Programu haikuwahi kufuatana na mkono wake, na mgonjwa akapigwa na mionzi mikali. Siku hiyo runinga na kipaza sauti cha chumbani havikuwa vikifanya kazi, hivyo mteknolojia hakuweza kumwona wala kumsikia mgonjwa. Mwezi uliofuata ajali ya namna hiyo ilitokea tena hospitalini humo.

Sehemu ya kisa hiki isiyosisitizwa vya kutosha ni ya ugunduzi wa chanzo. Mteknolojia aliyekuwa kwenye kompyuta alikumbuka mfuatano wa vitufe alivyobonyeza. Yeye pamoja na mwanafizikia wa hospitali waliurudia mfuatano huo hadi hitilafu ikajitokeza tena mbele yao. Kosa ambalo mtengenezaji hakuwa ameweza kulirudia lilifichuliwa na kumbukumbu ya mtu aliyeitenda kazi hiyo kila siku. Hili linapingana na dhana ya zamani kwamba ujuzi uko kwa daktari na mhandisi, na kwa mpiga swichi umo utekelezaji tu.

Tukio la pili lilitokea San José, Costa Rica, mwaka 1996. Baada ya chanzo cha kobalti kubadilishwa, kipimo cha sehemu tatu za kumi za dakika, ambazo ni sekunde 18, kilichukuliwa kuwa sekunde 30. Kutokana na kosa hilo ilidhaniwa kwamba chanzo ni dhaifu kuliko kilivyokuwa, na wagonjwa 115 wakapewa dozi iliyozidi kwa zaidi ya nusu. Mashine haikuwa mbovu. Kila mmoja aliyefuata jedwali alifuata jedwali lenye kosa. Takribani mwezi mmoja ulipita kabla ya ukali wa madhara kwa wagonjwa kuzua shaka. Funzo lake kwa mtaala liko wazi: mteknolojia anapaswa kuujua muda wa kawaida wa tiba, ili unapobadilika ghafla aulize sababu. Chanzo kipya chenye nguvu zaidi hupaswa kufupisha muda wa tiba. Muda usiopungua inavyotarajiwa ni dalili inayoonekana pale pale kwenye mashine, kabla haijaonekana ngozini.

Tukio la tatu ni la Épinal, Ufaransa. Kati ya mwaka 2004 na 2005 wagonjwa zaidi ya 20 wa saratani ya tezi dume walipata dozi iliyozidi kutokana na matumizi yasiyo sahihi ya programu ya kupangia tiba. Uchunguzi wa mamlaka za Ufaransa ulibaini kwamba waliokuwa wakiitumia programu hiyo walipata mafunzo mafupi, na kwamba hapakuwa na mwongozo wa matumizi kwa Kifaransa, lugha yao ya kazi. Nchi tajiri, yenye vyuo vya muda mrefu na lugha inayotumika kimataifa, ilidhurika kwa sababu maelekezo hayakuwa katika lugha ya watumiaji.

Matukio haya yanaelezea kwa sehemu kubwa kwa nini mafunzo yalipanda ngazi. Nchini Uingereza, stashahada iliyotolewa na chombo cha kitaaluma ilipisha shahada za vyuo vikuu katika miaka ya mwanzo ya 1990. Barani Ulaya, mtaala wa msingi wa pamoja ulitolewa mwaka 1995 na kurekebishwa mwaka 2004 na 2011. Nchini Marekani, kuanzia mwaka 2015 sajili ya kitaifa imemtaka mtahiniwa awe na angalau shahada ya miaka miwili ya chuo. IAEA ilitoa mtaala wa mfano mwaka 2005 na kitabu cha mwongozo mwaka 2014. Katika nyaraka hizo za kimataifa, pamoja na anatomia na fizikia, panaonekana mada ambazo mwanafunzi wa mwaka 1930 asingekutana nazo: udhibiti wa ubora, kuripoti matukio, mawasiliano na mgonjwa, na wajibu wa kusimamisha tiba pale penye shaka.

6.0 Afrika Mashariki: Mashine, Watu na Lugha

Nchini Tanzania historia hii ina jengo lake. Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ilijengwa na utawala wa Wajerumani na kukamilika mwaka 1897, miaka miwili baada ya ugunduzi wa Röntgen. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1996, Bunge liliifanya kwa sheria kuwa taasisi inayojitegemea ya saratani, na kwa miaka mingi ilikuwa kituo pekee cha tiba ya mionzi nchini kabla ya huduma kufika Mwanza katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina programu ya shahada ya kwanza ya teknolojia ya tiba ya mionzi. Usimamizi wa vyanzo vya mionzi uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003, na taaluma za radiolojia zina sheria yake ya mwaka 2007.

Mifano ya ukanda huu inaonesha jambo ambalo historia ya Ulaya huificha. Uganda ilikuwa na mashine moja tu ya kobalti ya tiba, iliyokuwa katika hospitali ya Mulago tangu mwaka 1995. Ilipoharibika kabisa mwaka 2016, zaidi ya mwaka mmoja ulipita kabla ya mashine mpya kuanza kazi, na baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi. Tukio hilo limejadiliwa kwa kawaida kama tatizo la vifaa. Kwa mtazamo wa mafunzo, hata hivyo, mashine moja ikifa hufa pia darasa la vitendo. Mwanafunzi hawezi kujifunza kumlaza mgonjwa kwa kusoma. Hivyo basi, katika nchi zenye vituo vichache, kila mashine ni hospitali na ni chuo kwa wakati mmoja, na mpango wa ununuzi usiozingatia mafunzo huacha nusu ya thamani ya mashine nje.

Suala la pili ni lugha, na hapa kisa cha Épinal kinahusika moja kwa moja. Nchini Tanzania mafunzo ya chuo kikuu hutolewa kwa Kiingereza, na kompyuta ya mashine huzungumza Kiingereza. Mgonjwa huzungumza Kiswahili. Mteknolojia husimama katikati ya lugha hizi mbili kila siku. Anapomwambia mgonjwa asitikisike, apumue taratibu, asifute alama za ngozini anapooga, au aeleze mapema akihisi maumivu wakati wa kumeza, anatoa maelekezo ambayo usahihi wa dozi unayategemea. Alama ikifutika, eneo lililolengwa linaweza kukosewa. Mgonjwa akiaga tiba katikati kwa kuogopa kwamba mionzi inamchoma moto, sehemu ya dozi iliyobaki haitolewi, na uvimbe hupata nafasi ya kuendelea kukua. Tafsiri ya “mionzi” na “kuungua” mdomoni mwa mteknolojia si pambo la lugha. Ni sehemu ya tiba.

Hata hivyo, ujuzi huo wa kueleza kwa Kiswahili kwa kawaida hujifunzwa kwa kuwasikiliza waliotangulia, kama vile mafundi wa mwaka 1900 walivyojifunza kulijaribu bomba. Istilahi hutofautiana baina ya mtu na mtu: wengine husema “kupigwa mionzi”, wengine “kuchomwa”, wengine “kupigwa umeme”. Kila neno humjengea mgonjwa picha yake na hofu yake. Historia iliyojadiliwa katika makala haya inaonesha kwamba kila jambo lililoachwa kwa mazoea lilikuja kudai nafasi katika mtaala baada ya watu kuumia. Hapana sababu ya kusubiri hilo litokee kwa lugha.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mafunzo ya wateknolojia wa tiba ya mionzi yamepita hatua tatu. Katika hatua ya kwanza, mtumishi alijifunza kwa mwili wake mwenyewe. Katika hatua ya pili, alijifunza kwa jedwali, mtihani na maelekezo ya daktari. Katika hatua ya tatu, ambayo bado inaendelea, anafundishwa pia kufikiri juu ya jedwali lenyewe na kusimamisha mashine anapoona dalili isiyo ya kawaida. Hatua hizi hazikufuatana kwa sababu elimu ilikuwa ikijisukuma yenyewe mbele. Zilisukumwa na mikono iliyokatwa Ulaya na Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na wagonjwa walioumia Texas, San José na Épinal mwishoni mwa karne hiyo na mwanzoni mwa ile iliyofuata.

Matokeo haya yana maana mbili kwa sera ya elimu katika Afrika Mashariki. Kwanza, shahada yenyewe haimfanyi mteknolojia kuwa mtaalamu ikiwa hospitali bado inamchukulia kuwa mpiga swichi. Mamlaka ya kusema “tusiendelee kwanza” yanapaswa kuandikwa katika taratibu za kazi na kufanyiwa mazoezi wakati wa mafunzo, si kutajwa darasani tu. Pili, Kiswahili cha chumba cha tiba kinastahili kuingizwa katika mtaala na kutahiniwa kwa vitendo kama vinavyotahiniwa vipimo vya mashine. Mtaala wa kuandaa lugha hiyo unahitaji ushirikiano wa wateknolojia wenyewe, wanaisimu na wagonjwa waliokwisha kupona, kwa kuwa hao ndio wanaojua ni maneno gani yaliwafanya warudi kesho yake, na ni yapi yaliyokaribia kuwafanya wasirudi.